Aliyefagia Uwanja wa Karuene

Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya soko Jumatatu jioni. Mwanamisi aliisoma Jumanne asubuhi kabla hajafungua gunia la kwanza la mchele, na alipomaliza akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa, akaisoma karatasi tena. Ilisema kwamba uwanja mpya wa soko la Karuene ungefunguliwa baada ya wiki tatu, na kwamba katikati ya uwanja lingesimamishwa bamba la jiwe lenye historia ya mahali hapo. Kisha ikaja historia yenyewe: soko lilianzishwa mwaka wa 1947 na Chifu Mbaka, ambaye kwa kuona mbali kwake aliwakusanya wananchi na kuwatengea kiwanja cha biashara. Mwenye maoni ayapeleke ofisini ndani ya siku kumi na saba.

Kuna uongo wa kutafunwa kidogo kidogo na kuna uongo wa kumezwa mzima. Huu ulikuwa wa kumezwa mzima, tena umegongwa muhuri.  Mwaka huo wa 1947 nyanya yake Mwanamisi alikuwa amekwisha kuuza supu pale pale kwa miaka kumi na miwili, na huyo chifu wa kuona mbali alikuwa mteja wake, tena mteja wa kuchagua, anayetaka nyama ya ulimi peke yake.

Alirudi mezani pake akamweleza jirani yake, Mama Muthomi, muuza maharagwe. Mama Muthomi alimsikiliza huku akipepeta njahi, yale maharagwe meusi. Alisema hayo ni mambo ya wakubwa, wataandika wanachotaka, na bamba halijawahi kumnunulia mtu unga. Mwanamisi akamjibu kwamba hata yeye mwenyewe angesema hivyo hivyo kama nyanya aliyeachwa nje angekuwa wa mwingine. Alitaka jina la nyanya yake liandikwe kwenye lile jiwe. Hakutaka kingine, na hakuona kwa nini kiwe kitu kigumu.

Mwanamisi ana miaka sitini na sita. Ni mrefu, mkavu wa mwili, na ana ulimi ambao wakusanya ushuru wote wa Karuene wanaufahamu. Anauza mchele wa Mwea, ndengu na viungo, na gorogoro yake haijawahi kubonyezwa kitako ili ipunguze kipimo, jambo ambalo si kila meza pale sokoni inaweza kuliapia. Anatoka katika zile familia chache za Waislamu wa Karuene, watu ambao ukiwauliza kabila watakuuliza kwanza unataka la upande gani. Babu yake alikuwa nusu Mnyamwezi, mpagazi aliyeachwa Meru na vita vya kwanza vya Wazungu. Nyanya yake alizaliwa upande wa Embu, huko Mbeere, akaolewa angali msichana, akaletwa milimani ambako baridi ilimkera mpaka siku ya kufa. Nyumbani kwao wanasema Kiswahili, sokoni Kimeru, na kwa Mungu Kiarabu cha kukariri.

Hadithi ya uwanja Mwanamisi aliipata kwa nyanya mwenyewe, wakilala mkeka mmoja. Mwaka wa 1935 Karuene haikuwa mji. Zilikuwa njia tatu zilizokutana: moja ikishuka kutoka mashamba ya ukingo wa msitu, moja ikipanda kutoka nyika ya wafugaji, na ya tatu ni ile ya mikokoteni iliyobeba ngano ya masetla. Kambi ya wajenzi wa barabara ilipigwa hapo, na babu alikuwa mpishi wake. Mvua za Aprili zikamletea homa ya mapafu, akafa, akamwacha nyanya na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni, ambaye ndiye Adan, baba yake Mwanamisi. Nyanya hakuwa na shamba, maana shamba lilikuwa la ukoo, naye ukoo wake ulikuwa mbali. Alikuwa na chungu. Basi akakaa mahali ambapo hakuna ukoo uliopataka, pale njia panda, kwenye matope kipindi cha mvua na vumbi miezi iliyobaki, akaanza kuchemsha vichwa vya ng'ombe alivyovipata kwa wachinjaji wa Kiirua.

Vichwa vilifika Jumanne na Jumamosi. Ndiyo sababu mpaka leo soko la Karuene ni Jumanne na Jumamosi, na yeyote asemaye siku hizo zilipangwa na chifu na aeleze zilipangwa kwa nini. Nyanya alikuwa mtu wa kuchukia uchafu mbele ya chungu chake. Alfajiri ya kila siku ya supu alifagia kwa ufagio wa vijiti, duara baada ya duara. Wanawake waliokuwa wakishuka na ndizi na viazi vikuu wakaona pale pamefagiwa, wakatandika majani yao pale, kwa sababu nani aweke chakula cha watu kwenye mavi ya punda? Walipozidi, nyanya akafagia mbali zaidi. Walipozidi tena, akazidisha tena. Mpaka wa soko ulikuwa pale mkono wake ulipochoka. Na alikuwa na sheria moja tu, kwamba wagombanao mbele ya chungu chake hawapati supu, wote wawili, aliyeanza na aliyejibu. Wamama wa Kimeru waliipenda sheria hiyo, wakaitumia hata kwa waume zao.

Mwaka wa 1947 ndipo Chifu Mbaka alipokuja na miti, seng'enge na kijitabu cha risiti za ushuru. Mgala muue na haki yake mpe: ua ulikuwa wake, na ulikuwa ua mzuri. Lakini alizungushia nini? Alizungushia pale palipofagiwa. Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya kikoloni ililifunga soko, watu wakajazwa vijijini nyuma ya mitaro, nyanya akaendelea kuuza chumvi na viazi kupitia mlango wa nyuma. Uhuru ulipokuja soko likafunguliwa, akafagia siku ya kwanza. Kikaja choo cha baraza. Likaja paa la mabati ambalo upepo wa mwezi wa nane uliling'oa lote, likakutwa kwenye shamba la ngano. Nyanya hakuliona hilo. Alikuwa amekufa mwaka wa 1971, Mwanamisi akiwa na miaka kumi na mitatu, na tangu hapo uwanja ulifagiwa na yeyote aliyejisikia. Kwa maneno mengine, haukufagiwa.

Siku hizi uwanja umetandazwa matofali ya kabro, kuna taa ndefu na vibanda vyenye namba, na kuna mlinzi anayewakataza watu kukaa mahali penyewe pa kukaa.

Ofisi iliyosimamia ujenzi ilikuwa na afisa mmoja wa mambo ya historia, kijana wa Embu aitwaye Njue. Mwanamisi alimwendea Jumatano, akaambiwa yuko semina. Alimwendea Ijumaa, akaambiwa ametoka sasa hivi, ungekuja mapema kidogo ungemkuta. Jumatatu alimkuta, naye Njue kwa adabu zote akamwomba aandike malalamiko yake kwenye karatasi. Mwanamisi akaandika kurasa nne kwa mkono. Alhamisi akaambiwa kurasa nne ni nyingi, kamati haisomi zaidi ya moja. Akaandika moja. Jumatatu iliyofuata akaambiwa kamati imesoma, lakini kamati inauliza ushahidi, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ni mjukuu wa Chifu Mbaka na ameleta picha ya babu yake akiwa amesimama kando ya ua na kofia yake.

"Na nyanya yangu ndiye aliyempikia hiyo siku," Mwanamisi alisema. "Angalia hiyo picha vizuri, utaona moshi."

Njue akaangalia. Moshi ulikuwapo, kwenye pembe ya kushoto. Akacheka, na Mwanamisi hakucheka. Alikuwa amepoteza siku tano za kuuza, miguu ilikuwa imemvimba, na aliona wazi kwamba mwenye nguvu hana haja ya ushahidi ila asiye nazo huambiwa alete wa maandishi. Akamuuliza Njue kwa nini soko ni Jumanne na Jumamosi.  Njue alikuwa kijana mwenye moyo, tuseme kweli, kwa sababu aliinuka akaenda kwenye kabati la nyuma, lile la mafaili ya baraza la zamani, akakaa huko karibu saa nzima. Alirudi na vumbi kwenye nyusi na karatasi moja ya manjano mkononi.

Ilikuwa nakala ya barua ya Chifu Mbaka mwenyewe, ya mwaka wa 1947. Aliomba wakubwa wake wampe miti mia mbili na seng'enge, azungushie, kama alivyoandika, soko lililoko kwa Mama Adan.

Mwanamisi alikaa kitini. Muda wote huo alikuwa amesimama bila kujua. Chifu mwenyewe alikuwa ameshuhudia, kwa mkono wake, na machozi yakamtoka mwanamke ambaye wakusanya ushuru walidhani hana.

"Mama Ayub, umeshinda," Njue alisema, akimwita kwa jina la mwanawe kama wote walivyomwita. Akavuta fomu, akafungua kalamu. "Hii barua imemaliza maneno. Sasa nipe jina yake kamili niandike hapa."

Mwanamisi akafungua kinywa.

"Mama Adan," akasema.

"Hiyo ni ya mtoto. Nataka yake mwenyewe. Vile aliitwa."

 Mwanamisi alitafuta kichwani kama mtu anayepapasa rafu yake mwenyewe akiwa na hakika kitu kipo. Mara ya pili, ya tatu. Kisha akafahamu kwamba hakuwa amelisahau. Hakuwahi kulijua.

Si ajabu, ukiangalia walivyoishi. Wajukuu walimwita Nyanya. Adan alimwita Mama. Mke wa Adan, mamake Mwanamisi, alikuwa mkwe, na mkwe hatamki jina la mavyaa hata akiwa peke yake jikoni. Sokoni Waislamu walimwita Mama Adan na Wameru wakamwita Ng'ina Adan, maana kwa pande zote mbili kumtaja mwanamke mzima kwa jina lake la utotoni ni kumvunjia heshima mbele za watu. Aliyekuwa na ruhusa ya kumwita ni mume, naye mume alikufa kabla ya chungu cha kwanza kuchemka. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na sita mwanamke huyo aliheshimiwa na kila mtu wa Karuene, na heshima hiyo ikalifunika jina lake mpaka likapotea.

Njue alisema asiwe na wasiwasi, bado zipo siku tatu, akaulize nyumbani. Nyumbani kwa nani? Mwanamisi alikuwa ndiye nyumbani. Baba yake alikufa mwaka wa tisini na sita, mama yake kabla yake, na Adan hakuwa na ndugu. Alipekua sanduku la baba yake akapata kipande chake, kile kitambulisho cha enzi ya ukoloni, kilichokuwa na jina la baba yake, lokesheni yake, chifu wake na kovu lake la shavuni. Jina la mama halikuulizwa humo. Kitambulisho cha nyanya mwenyewe hakikuwapo, kwa kuwa wanawake walianza kupewa vitambulisho miaka ya mwisho ya sabini, naye alikuwa kaburini kwa miaka saba. Akaenda msikitini. Msikiti wa kwanza ulikuwa wa mbao na uliungua pamoja na vitabu vyake vya ndoa. Akaenda makaburini, ingawa alijua atakachokiona, mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni, bila herufi.

Alikuwa akirudi kutoka huko, ameyakasirikia mawe, ndipo akakumbuka talkini. Maiti akishafukiwa, mwalimu huketi kando ya kaburi akamsomea, na humwita kwa jina. Ewe fulani mwana wa fulani. Wanawake hawaendi kaburini. Siku ile ya 1971 Mwanamisi alibaki ndani na wenzake wakimenya vitunguu. Lakini wanaume walikwenda, na waliokwenda walisikia. Akawahesabu kwa vidole, mmoja mmoja, na kila kidole kilikuwa cha marehemu ila kimoja. Alikuwapo Abubakar, aliyekuwa mchinjaji, sasa mzee anayeishi na bintiye Aaliyah mjini Meru, nyuma ya Makutano.

Alikwenda asubuhi ya pili yake. Abubakar alimpokea vizuri, akamwita mwanangu, akamlazimisha anywe chai kabla ya neno lolote. Masikio yalikuwa yamepungua lakini akili ilikuwa nzima. Aliwakumbuka wote waliobeba jeneza, akawataja mpaka na aliyejikwaa. Alikumbuka kwamba siku hiyo soko lilijifunga lenyewe bila amri, na kwamba wanaume Wakristo walisimama nje ya makaburi wamevua kofia. Mwanamisi alimwacha aseme yote. Kisha akauliza alilokujia.

 Mzee akasema afadhali angeulizwa jambo lingine.

"Mwalimu alikuwa mgeni, alitoka Isiolo," alisema. "Akauliza marehemu ni nani jina lake. Sisi wote tukamwangalia baba yako. Baba yako akaangalia chini."

"Hakulijua?"

"Labda alilijua. Lakini wewe, utatajaje jina la mama yako mbele ya wanaume arobaini? Tulingoja. Jua lilikuwa linakwenda. Mwalimu akaona aibu imezidi, akasoma, ewe mjakazi wa Mungu, mwana wa Hawa. Inatosha, mwanangu. Mungu anawajua wake."

Mwanamisi akamwambia ni kweli, Mungu anawajua. Aliyekuwa hawajui ni kamati. Akaaga, akampa Aaliyah kilo mbili za mchele alizokuja nazo, akatoka nje akasimama kwenye kelele ya barabara bila kujua anangoja nini. Hasira zake hazikuwa na pa kwenda. Alimkasirikia baba yake, ambaye alimpenda, aliyeangalia chini. Akawakasirikia wanaume arobaini. Lakini aliyemkasirikia kuliko wote ni yule msichana wa miaka kumi na mitatu aliyelala mkeka mmoja na nyanya, aliyemuuliza kuhusu Mbeere, kuhusu babu, kuhusu simba wa njiani na bei ya chumvi, akauliza hata kwa nini mbuzi hana meno ya juu, na hakuuliza wewe unaitwa nani. Angejibiwa. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba angejibiwa.

Siku ya mwisho ya maoni alirudi kwa Njue. Hakujifanya. Alimweleza yote, na kijana akaiweka kalamu chini akamsikiliza. Baadaye Njue akasema yeye haoni ubaya kuandika Mama Adan. Chifu mwenyewe aliandika hivyo kwenye barua, na watu wote walimjua hivyo. Si jina lake, ila ni yeye. Mwanamisi akafikiri, akaona asiyekuwapo na lake halipo, na nusu ya jambo ni afadhali kuliko sifuri. Njue akaandika mbele ya macho yake: soko hili lilianzishwa mwaka wa 1935 na Mama Adan, muuza supu, aliyeufagia uwanja huu kwa mkono wake. Chifu Mbaka aliuwekea ua mwaka wa 1947.

Mwanamisi alisoma mara tatu. Alitoka ofisini amenyooka mgongo, akanunua samaki, kitu ambacho hakinunui katikati ya wiki.

Uwanja ulifunguliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya ya shule na hotuba ambazo hazikutaka kwisha. Mwanamisi alivaa buibui jipya akakaa safu ya tatu, na Mama Muthomi alikaa naye, ingawa alilalamika kwamba maharagwe yake yanaangaliwa na mtu asiyejua bei. Mwanawe Ayub, anayefanya kazi Isiolo, alishindwa kuja lakini alipiga simu mara mbili. Hatimaye mwenyekiti wa kamati akavuta kitambaa. Watu wakapiga makofi. Jiwe lilikuwa jeusi, limeng'arishwa, na herufi zake zilikuwa za dhahabu.

SOKO LA KARUENE. WAASISI: CHIFU MBAKA NA MZEE ADAN. 1935 – 1947.

Mwanamisi aliendelea kupiga makofi kidogo, kwa mazoea ya mikono, kisha mikono ikasimama.

Alimpata Njue nyuma ya hema. Kijana alikuwa na haya ya kweli, hakujaribu hata kumwangalia usoni. Alisema aliipeleka kama walivyoiandika. Kamati ikasema Mama Adan si jina la kuchongwa kwenye jiwe, ni jina la kuitana. Mtu mmoja akasema kama kulikuwa na Mama Adan basi Adan mwenyewe ndiye mwenye boma, na boma huandikwa kwa mwenyewe. Mwenyekiti akaridhika, kwa kuwa babu yake alipata mwanamume mwenziwe wa kukaa naye. Maneno ya supu na ufagio yakaonekana hayafai siku ya wageni. Njue alikataa, akapigiwa kura. Na jiwe likishachongwa, alisema, halina kufutika.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kwa mujibu wa jiwe la Karuene, soko lilianzishwa na mtoto wa mwaka mmoja, aliyekuwa mgongoni akinyonya. Adan alipokua alikuwa utingo wa malori ya ngano, mtu mwema, mwenye mzaha, na katika maisha yake yote hakuuza pale hata ndizi moja. Angeliona jambo hilo angecheka mpaka akae chini. Kisha, Mwanamisi alijua, angeangalia chini.

Watu walimfuata kumpa mkono. Hongera, Mama Ayub. Baba ameandikwa. Si watu wote wana bahati hiyo. Aliwajibu asante, asante, kwa sababu kumweleza kila mtu kungehitaji siku nzima na wengi wao walitaka tu soda. Akarudi mezani pake, akakaa kwenye gunia. Mama Muthomi akamfuata na vikombe viwili vya chai, akampa kimoja, akasema hongera na yeye.

Mwanamisi akashika kikombe bila kunywa.

"Mama Muthomi, mimi naitwa nani?"

"Kwani umelewa hotuba? Si wewe Mama Ayub."

"Hilo ni la Ayub. Langu."

Mama Muthomi akafikiri, uso ukajikunja. Meza zao zimegusana kwa miaka ishirini na miwili. Wamezikana ndugu, wamelala hospitalini kwa zamu wakiuguzana watoto. Lakini hata laini ya simu ya Mwanamisi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanawe, ukimtumia pesa linatokea jina la Ayub. Mama Muthomi akakiri hajui. Hajawahi kusikia mtu akilisema.

"Ni Mwanamisi. Nataka uniite hivyo kuanzia leo."

Mama Muthomi akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, akatazama pembeni. Akasema atawezaje, mtu mkubwa kama yeye, mama wa watu, nyanya wa watu. Wanaopita wangedhani wametukanana. Alisema wao walilelewa kwa heshima, na heshima si utumwa. Akaomba waongee mambo mengine, chai ilikuwa inapoa.

Mwanamisi alimtazama. Jina la huyu mwanamke yeye alilijua kwa muda mrefu, kwa kuwa hujitokeza kwenye simu kila wanapotumiana pesa. Katika miaka yote ishirini na miwili hakuwahi kulitamka. Akaweka kikombe chini, akalitamka sasa, si kwa kelele, lakini kwa sauti ambayo muuza viazi wa meza ya pili aliisikia akageuka.

"Marcella."

Kicheko kilimtoka Mama Muthomi usoni. Akabaki ameshika kikombe hewani, na macho yake yakajaa maji.

"Mama Ayub," akasema taratibu, "nimekukosea nini?"